Mshairi hakukosea: vina na mizani kwa sikio la Lamu

Ikiwa nyumbani kwako kuna mwanafunzi wa shule ya upili, huenda nawe umewahi kumwona ameinama juu ya shairi akihesabu kwa vidole, midomo ikimchezacheza kama mtu anayepiga hesabu ya deni. Mimi nilimwona mpwa wangu, kijana wa kidato cha tatu, mezani kwa dada yangu mtaani Buruburu, Nairobi. Daftari lilikuwa limetapakaa wino mwekundu. Alama mbili kwa kumi.

"Mjomba," akaniambia kwa hasira, "mshairi huyu kakosea, halafu anayeadhibiwa ni mimi!"

Nililichukua daftari. Shairi lilikuwa la Kiamu, yaani lahaja ya Lamu, na kijana alikuwa amejitolea kumsahihisha mwenye shairi. Palipoandikwa "mato" yeye aliandika "macho", kisha akadai kwamba vina vimevunjika. Mshororo mwingine aliuhesabu akapata mizani saba badala ya nane, akaandika kwamba hapo mtunzi alisahau. Makosa yote mawili yalikuwa yake, lakini sikuwa na moyo wa kumcheka. Nami nilipokuwa shuleni nilihesabu vivyo hivyo. Basi kazi iliponipeleka Lamu miezi michache baadaye, nikaona heri niulize penyewe.

Tuanze na hayo macho. Kwa Kiamu macho ni mato, njia ni ndia, njaa ni ndaa, mmoja ni mmoya. Mtunzi aliyefunga mishororo yake kwa "moto", "watoto" na "mato" amelingana barabara, kwani zote zaishia kwa silabi "to". Ukimwekea "macho" umeng'oa jino moja katika safu, kisha unamlaumu mwenye kinywa!

Hapa ndipo wanafunzi wengi huchanganyikiwa, maana asubuhi hufunzwa ushairi wa Kiingereza na mchana wa Kiswahili, na masomo hayo mawili hayaelewani juu ya kina ni nini. Katika Kiingereza, "day" na "say" hulingana kwa sababu irabu ni moja, ingawa konsonanti iliyotangulia ni tofauti. Kina cha Kiswahili hudai silabi nzima, konsonanti na irabu yake. "Pata" na "kata" ni vina. "Pata" na "paka", la hasha.

Mapigo nayo ni mambo mawili mbalimbali. Mshororo wa soneti za Shakespeare kwa kawaida una silabi 10, lakini uzito wake umo katika mikazo mitano: silabi hafifu, kisha nzito, hafifu, kisha nzito. Kiswahili hakimsumbui mtunzi kwa mkazo, kwani mkazo wetu karibu daima huangukia silabi ya pili kutoka mwisho. Sisi huhesabu silabi zote, nzito na nyepesi, kila moja kwa haki yake. Na kwa kuwa takriban maneno yetu yote huishia kwa irabu, vina ni rahisi kupatikana; nadhani ndiyo sababu wazee hawakutosheka na kina cha mwisho peke yake. Shairi lenye mizani 16 hutaka kina cha kati pia, kwenye mizani ya nane, na mwisho tena.

Sasa chukua kalamu, msomaji. Ubeti huu nimeutunga mwenyewe kwa mfano tu, usiutafute katika kitabu chochote:

Jahazi li bandarini,
tanga li mlingotini,
abiria wa ngazini,
nahodha hajatokea.

Huu ni mtindo wa utendi, ambao bara wengi huuita utenzi: mishororo minne, kila mmoja mizani nane. Mitatu ya kwanza hulingana. Wa nne una kina chake, ambacho kitarudi mwishoni mwa kila ubeti hadi utendi uishe, hata ukiwa na beti elfu. Hesabu mshororo wa pili: ta-nga-li-m-li-ngo-ti-ni. Umeiona hiyo "m"? Imesimama peke yake kama silabi kamili. Mpwa wangu aliiruka, ndiyo maana akapata saba. "Mtu" ni mizani mbili, "nchi" mbili, "mbwa" mbili. Lakini "mbuzi" nayo ni mbili tu, kwa kuwa hapo "m" imejibanza ndani ya "mbu". Jicho haliwezi kukuambia tofauti hiyo. Tamka kwa sauti, utaisikia.

Na ukishawishika kusema "Jahazi liko bandarini", Kiswahili chako ni safi kabisa, ila mizani imekuwa tisa na mshororo umezama.

Lamu nilifika kwa basi hadi Mokowe, kisha mashua. Jioni niliketi barazani na mzee mmoja mpenda tendi, nikamweleza kisa cha daftari. Alicheka mpaka akakohoa. "Mwanangu," akasema, "mwambie asihisabu kwa kalamu. Naahisabu kwa shikio."

Haukuwa mzaha. Tendi za Lamu, Siyu na Pate zilitungwa zisomwe kwa sauti, tena kwa mahadhi, mbele ya watu. Zaidi ya hayo, ziliandikwa kwa herufi za Kiarabu, ambazo kwa mtindo wa zamani hazikutenga "e" na "i", wala "o" na "u". "Kuku" na "koko" ziliweza kuandikwa sawasawa! Msomaji alijuaje ni lipi? Maana ilimsaidia, ndiyo, lakini neno likikaa mwisho wa mshororo kina nacho kilimwongoza. Mizani ikipungua, alijua kuna neno lililoanguka. Kumbe mambo haya tunayoyaona kuwa mapambo ya mtihani yalikuwa ufunguo wa kusomea.

Yalikuwa pia kamba ya kumbukumbu. Mwaka 1858 Mwana Kupona binti Msham, mjane wa mtawala wa Siyu, akiwa mgonjwa, alimtungia bintiye Mwana Hashima utendi wa wosia wenye beti zaidi ya 100. Mama anayejua kwamba huenda hatakuwapo kesho haandiki ili binti apate alama. Anataka maneno yakae kichwani, na ubeti mfupi wenye kina kinachorudi hukaa. Karne moja baadaye na zaidi, Ahmed Sheikh Nabhany, aliyefariki mwaka 2017, alitumia utendi kuhifadhi kazi ya waunda vyombo. Kitabu chake "Sambo ya Kiwandeo" kilitoka mwaka 1979.

Ila kisa kinachonipendeza kupita vyote ni cha Fumo Liyongo, shujaa na mshairi ambaye Muhammad Kijumwa wa Lamu alimtungia utendi mwaka 1913. Husimuliwa kwamba Liyongo alifungwa gerezani Pate. Chakula kizuri alichopelekewa na mamake kililiwa na askari. Basi akamtuma kijakazi, Saada, kwa mamake na ujumbe wa mashairi: apike mkate wa wishwa, na ndani atie tupa. Askari walipouona mkate wa makapi waliudharau, wakaupitisha. Kisha Liyongo akaomba ichezwe ngoma ya gungu, na mlio wa ngoma na matoazi ulipopamba moto, akawa anakata minyororo bila ya mtu kusikia. Mwulize mwanafunzi wako mapigo yana kazi gani, naye akikosa jibu mpe kisa hiki.

Niliporudi Nairobi nilikwenda tena Buruburu. Nilimwambia mpwa wangu asimame asome shairi lile lile kwa sauti, huku dada yake mdogo akigonga meza mara moja kwa kila silabi. Mara ya kwanza waligombana. Mara ya pili, walipofika kwenye ile "m" yake iliyopotea, mkono wa msichana uligonga wenyewe, wakatazamana.

Mwalimu wake hakumwongezea alama, na sikuona haki ya kumwomba. Ila kijana aliuchukua ule ubeti wangu wa jahazi, akasema atautungia wa pili. Nahodha amempata sokoni na abiria wamechoka. Mshororo wa tatu umemshinda. Nilipoondoka usiku ule alikuwa akitembea huku na huku varandani akitafuta neno la silabi tatu linaloishia kwa "ka", na mamake akimwita mara ya nne kwamba ugali unapoa.