Boksi limeandikwa wati 1600? Geuza pawa saplai usome stika kwanza

Wauzaji wenzangu, hasa mnaouza vifaa vya kompyuta, leo naleta somo lililonitoa pesa.

Mwaka jana mteja wa mkoani aliniandikia inboksi: "Kaka, una pawa saplai ya mashine ya kuchimba bitcoin?" Nikajibu fasta: ipo, wati 1600, laki na themanini. Akarusha pesa, jioni mzigo ukapanda basi. Faida yangu elfu 45. Nikalala vizuri.

Siku ya tatu ananipigia usiku. Plagi zimeyeyuka, stoo inanuka moshi, na watoto wake wanalala chumba cha pili. Ashukuriwe Mungu alikuwa macho, akazima mapema.

Nilimrudishia hela yote na nauli ya mzigo juu. Ile pawa saplai iliporudi ndipo nikafanya nilichotakiwa kufanya kabla ya kuuza: nikageuza nisome stika. Mstari wa volti 12 umeandikwa ampea 80. Zidisha 12 mara 80, unapata wati 960. Ile 1600 ilikuwa ya boksi tu. Na mashine hizi karibu umeme wote zinauvuta kwenye volti 12.

Mashine yake ilikuwa Antminer S9, inayokula kama wati 1,350. Ina plagi 10 za pini 6: tisa za bodi tatu za kuchimbia, moja ya bodi ya kuongozea. Mimi nilimpa waya za kugawanya ili zitoshe! Waya mmoja ukabeba mzigo wa waya mbili.

Sasa hivi mteja akiniuliza pawa saplai ya kuchimbia, sitaji bei kwanza. Nauliza:

1. Mashine gani, toleo gani? Omba picha ya stika yake. Usikubali "ile ya kawaida tu".

2. Inakula wati ngapi? Ongeza kama asilimia 15 juu yake. Kompyuta ya gemu inapumzika, hii inafanya kazi saa 24. Kwa S9, hesabu inafika kama 1,550. Ndiyo maana APW3++ ya Bitmain inaitosha: inatoa wati 1600 kwenye umeme wetu wa volti 230. Kwenye nchi za volti 110 hiyo hiyo inashuka hadi 1200.

3. Plagi ngapi? Kila plagi iwe na waya wake kutoka kwenye pawa saplai. Waya za kugawanya, na zile za kubadilisha plagi ya SATA kuwa ya pini 6, usimuuzie kabisa. SATA inabeba wati 54 kwenye volti 12, pini 6 inaruhusiwa 75. Itaungua tu.

4. Utachomeka wapi? Soketi ya ukutani yenye waya mzima. Siyo ekstensheni ya elfu tano yenye TV na pasi.

La mwisho linauma, ila mwambie: hesabu ya umeme. Wati 1,350 kwa saa 24 ni kama uniti 32 kwa siku. Kama uniti ni shilingi 350, hiyo ni 11,200 kila siku. Na tangu Aprili 2024 malipo ya wachimbaji kwa kila bloku ya bitcoin yalikatwa nusu, kutoka 6.25 hadi 3.125. Mashine ya zamani kama S9 kurudisha hela hiyo ni kazi.

Kuna mteja nilimpigia hesabu hii akaghairi kununua. Siku ile sikuuza kitu. Ila amesharudi mara mbili, kachukua laptopu ya mtoto na printa ya ofisini, na bei hakubishana.

Kwa hiyo boss, kabla hujaposti ile pawa saplai uliyonayo dukani: igeuze, piga picha stika, weka picha hiyo kwenye tangazo. Anayejua ataona unajua. Asiyejua utamwokoa.