Kabla Fundi Hajashuka Kisimani

Imekuwa ada katika jamii yetu: fundi anapofia kisimani, tunaitana, tunazika, kisha tunaambiana kuwa ajali haina kinga. Qadar tunaiamini, wala hatuna ubishi nayo. Lakini imepokewa kwamba Mtume (S.A.W.) alimwelekeza mwenye ngamia amfunge kwanza, ndipo ategemee. Basi tuulizane, siku ile kamba ilifungwa na nani?

Tumekichagua kisima kwa kuwa misikiti yetu mingi inacho, na sisi wa kamati ndio tunaomwita fundi. Hewa tunayoivuta ina oksijeni kiasi cha asilimia 21. Chini ya kisima, au katika shimo la choo, oksijeni hiyo huweza kupungua na gesi nyingine zikatanda. Pampu ya petroli ikiteremshwa humo na kuwashwa, hutoa kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu. Fundi hulegea hata kabla ya kupiga ukelele. Mwenzake humfuata ili amwokoe, naye akabaki huko huko. Maiti wa pili, aghalabu, ni yule aliyekuwa na huruma kuliko wote waliokuwapo.

Kinga yake haihitaji ofisi wala makaratasi. Kabla ya kazi wakae wahusika, na fundi azungumze wa kwanza, kwani ndiye ajuaye. Ni kitu gani hapa kinaweza kudhuru, na kitamdhuru nani? Je, kazi haiwezekani pasipo mtu kushuka? Swali hili ndilo linalorukwa, nalo ndilo zito kuliko yote. Ndoo iliyozama huopolewa kwa kulabu. Pampu ya umeme huzamishwa majini, na jenereta ikawekwa juu, mbali na mdomo wa kisima. Yakishindikana hayo, ndipo tuingie katika kupima hewa kwa kifaa chake, mkanda wa mwilini, kamba, na watu wa kuvuta wasiobanduka pale juu. Kofia ngumu na buti ni vya mwisho, na ajabu ni kwamba ndivyo tunavyovinunua kwanza!

Wapo wanaotegemea mshumaa. Mshumaa hauitambui kaboni monoksaidi, na penye gesi inayowaka unaweza kuzusha mlipuko.

Kamati isiyo na kifaa cha kupimia hewa isimteremshe mtu. Na aliye chini akianguka, asishuke mwingine: avutwe kwa kamba aliyofungwa, na hapa Tanzania waitwe Zimamoto kwa namba 114.