Kidonda Kisichouma: Ngozi na Miguu ya Mwenye Kisukari

Kwa kawaida maumivu ndiyo humpeleka mtu zahanati. Kwa mwenye ugonjwa wa kisukari, kidonda cha kuogopwa zaidi ni kile kisichouma.

Sukari ikizidi katika damu kwa muda mrefu, hudhuru mishipa ya fahamu na mishipa ya damu, hasa ya miguuni. Miguu hufa ganzi. Mkulima aliyechomwa na mwiba shambani huweza kugundua jeraha siku kadhaa baadaye, aonapo usaha au asikiapo harufu. Kwa kuwa damu haifiki vyema mahali hapo, jeraha huchelewa kupona na vijidudu hustawi. Hivyo ndivyo lengelenge la kiatu kinachobana linavyoweza kuishia katika kukatwa mguu.

Hata hivyo, ngozi hutoa dalili mapema. Mwili wenye sukari nyingi hupoteza maji kwa kukojoa mara kwa mara, na mishipa ya fahamu iliyodhurika hupunguza jasho la miguuni; ngozi hukauka, huwasha na kupasuka magaga. Fangasi hujitokeza katikati ya vidole, kwenye kinena na chini ya matiti. Majipu hupona na kurudi. Weusi mnene, laini kama mahameli, shingoni au kwapani hudhaniwa kuwa uchafu, lakini hautoki kwa kusuguliwa. Mara nyingi ni ishara kwamba mwili hauitikii insulini ipasavyo, na mwenye nao anapaswa kupimwa sukari hata kama hajisikii mgonjwa.

Pamoja na kutumia dawa na kufuata ushauri wa chakula, mgonjwa aikague miguu yake kila jioni. Nyayo zitazamwe kwa kioo au kwa msaada wa mtu wa nyumbani. Miguu ioshwe kwa maji ya uvuguvugu yaliyopimwa kwa kiwiko, ikaushwe vizuri, kisha ipakwe mafuta, isipokuwa katikati ya vidole. Kucha zikatwe kwa kunyooka, na sugu zisikatwe kwa wembe. Viatu vikung'utwe kabla ya kuvaliwa, na kutembea peku kuepukwe hata ndani ya nyumba. Anayejidunga insulini abadilishe mahali pa kudunga ili ngozi isifanye uvimbe.

Kidonda, lengelenge, uvimbe au joto lisilo la kawaida mguuni lipelekwe zahanati siku hiyo hiyo, bila kupakwa majivu wala dawa ya meno. Ngozi ikigeuka nyeusi kidondani, kidonda kikinuka au homa ikipanda, mgonjwa afikishwe hospitali bila kukawia. Na siku ya kliniki, avue viatu na kuomba miguu ikaguliwe, hata kama hajaulizwa.

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Kwa mwenye kisukari, ufa huo mara nyingi huanzia kisiginoni.