Kuondoa Si Kukatakata: Lugha ya Zabuni za Ziwa Victoria

Mvua kubwa zikishapita, watu wa ufuoni huulizana ziwa limebeba nini safari hii. Iwe mbele ya Kisegi katika nchi ya Gwassi, iwe ndani ya Ghuba ya Winam mjini Homa Bay, jibu halibadiliki sana: magogo, matete yaliyong'oka, na zaidi ya yote gugumaji. Serikali inapotoa zabuni ya kusafisha, mwalimu wa lugha naye yampasa atege sikio. Fedha za umma hulipwa kwa kufuata neno lililoandikwa. Neno likiwa legelege, fedha nazo hupotea.

Tuanze na kitenzi "kuondoa". Kuondoa kitu ni kukitoa kilipo kikaenda pengine. Mama akimwambia mwanawe aondoe vyombo mezani, hatarajii avivunje na kuviacha papo hapo. Lakini mwaka 1999, chini ya Mradi wa Usimamizi wa Mazingira ya Ziwa Victoria uliofadhiliwa na Benki ya Dunia, kampuni moja ya Marekani ilipewa kandarasi ya kulikatakata gugumaji kwa mashine upande wa Kenya, kiasi cha hekta 1,500, na vipande viachwe vizame. Wakazi wa ufuoni waliingiwa na hofu, kwa kuwa majani yanayooza chini huyanyima maji oksijeni, na samaki huishi kwa oksijeni hiyo. Mwaka huo huo shirika la RECONCILE la Nakuru lilipeleka malalamiko yao kwa Jopo la Ukaguzi la benki hiyo, likidai kwamba athari za njia hiyo hazikuwa zimetathminiwa ipasavyo. Swali lao lingali nasi: je, kilichozamishwa kimeondolewa?

Jambo la pili ni kipimo. Gugumaji huelea likasukumwa na upepo. Mwanakandarasi anayelipwa kwa hekta zilizoonekana wazi aweza kulipwa kwa kazi ya upepo, na mwenzake aliyetoka jasho akaitwa mvivu kwa kuwa upepo umeleta shehena mpya usiku. Anayelipwa kwa tani naye hulipwa kwa kubeba maji, kwani zaidi ya sehemu tisa katika kumi za mmea huu ni maji matupu. Mwishoni mwa 1998 gugumaji lilifunika hekta zipatazo 17,000 za Ghuba ya Winam. Kufikia mwaka 2000 sehemu kubwa ilikuwa imetoweka. Wataalamu wengine huwasifu fukusi, wadudu walioachiliwa upande wa Kenya kuanzia 1997 ili waule mmea huo. Wengine hutaja mawimbi na mawingu ya El Nino ya 1997-98. Ikiwa mabingwa hawajapatana ni nani aliyelisafisha ziwa, karani wa malipo atajuaje asipoandikiwa kipimo?

Isidhaniwe kwamba haya ni ya wavuvi peke yao. Tangu bwawa la Owen Falls, siku hizi Nalubaale, lifunguliwe Jinja mwaka 1954, ziwa zima limekuwa pia ghala la maji ya kuzalisha umeme. Aprili 2020, mvua zilipokuwa zimelijaza ziwa, kisiwa cha mimea inayoelea kiliziba mitambo ya bwawa hilo, na sehemu kubwa ya Uganda ikawa gizani.

Dawa ipo katika Katiba yetu ya 2010. Kifungu cha 227 chadai ununuzi wa umma uwe wa haki na wazi, wenye ushindani na gharama nafuu. Cha 35 chatupa haki ya habari. Cha 7 chakifanya Kiswahili lugha ya taifa na lugha rasmi. Basi muhtasari wa kila kandarasi ya ziwa ubandikwe ufuoni kwa Kiswahili, na kwa Kijaluo pia, ukieleza mambo manne: kitenzi, kipimo, mahali taka zitakapopelekwa, na siku ya ukaguzi. Kikundi cha usimamizi wa ufuo kishuhudie shehena ikipimwa nchi kavu kabla hundi haijaandikwa.

Wapo watakaosema kwamba sheria haiwezi kubebwa na lugha ya ufuoni. Hawajaisikiliza. Mvuvi ana kukata, kung'oa, kukokota, kupakua na kuzika, na kila kitenzi kina mpaka wake. Lenye ukungu ni "kusafisha", analolipenda mwandishi wa ofisini.

Walimu wenzangu, wapeni wanafunzi tangazo moja la zabuni kutoka gazetini. Waulizeni: nani atafanya nini, kwa kiasi gani, na sisi tutajuaje kwamba amemaliza? Hilo ni somo la ufahamu, na ni somo la uraia vilevile. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Nasi tuongeze kwamba daftari lisiloeleweka na mwenye mali ni sawa na kukosa daftari.