Sura ya Tano: Hakuna Anayesimama Tuli

Watu wengi, wakiwemo wauguzi na walimu wa michezo, wanaamini kwamba mwenye afya husimama tuli na anayeyumba ana kasoro. Vipimo vingi vibovu ninavyoletewa vimezaliwa na imani hiyo, kwa hiyo lazima iondoke kwanza. Hakuna binadamu anayesimama tuli. Mwili uliosimama ni kama fimbo uliyoisimamisha kiganjani: uzito uko juu, na chini pana nyayo mbili tu. Tena kitovu cha uzito wa mwili kiko sentimita chache mbele ya vifundo vya miguu, hivyo muda wote mwili unataka kuangukia mbele na muda wote vigimbi vinauzuia. Vua viatu, simama karibu na ukuta, unganisha miguu, fumba macho. Muda si mrefu utahisi vidole vikikandamiza sakafu, vikilegea, kisha vikikandamiza tena. Kazi hiyo ndiyo tunayoipima.

Maabara hutumia bamba la kani, linalolazwa sakafuni likiwa na vihisio ndani yake. Bamba halioni mwili. Linatoa nukta moja tu, mahali ambapo msukumo wote wa nyayo umejumlika. Tuiite kitovu cha msukumo. David Winter wa Chuo Kikuu cha Waterloo, Kanada, alieleza kwa kina kwamba nukta hiyo si kitovu cha uzito, na bado wapo wanaochanganya. Mwili ukielemea mbele, vigimbi hukaza, msukumo huhamia vidoleni na kukipita kitovu cha uzito, ndipo mwili ukarudi nyuma. Msukumo hukimbia mbele na nyuma ya uzito ili kuuchunga. Kwa hiyo ule mstari uliosokotana kwenye kompyuta unaonyesha juhudi za kuudhibiti mwili. Anayeutazama na kuandika kwamba mgonjwa ameyumba sentimita tatu amesoma kisichoandikwa hapo.

Kosa la pili ni kudhani kwamba kuyumba kidogo ni dalili ya msawazo mzuri. Msimamishe kijana mzima ukingoni mwa jukwaa refu, umpime. Ukubwa wa kuyumba kwake utapungua na mara anazoyumba zitaongezeka, kwa sababu hofu imemkaza. Baadhi ya wagonjwa wa Parkinson nao huyumba kidogo sana juu ya bamba, lakini ukiwasukuma kidogo begani wanaanguka kama gogo. Ripoti inayompa alama za juu mtu aliyekakamaa kwa woga ni ya hatari, maana mtu huyo ataruhusiwa kwenda nyumbani.

Nilipanga kueleza sasa muda wa kupima, kisha masharti ya kupima. Lakini siwezi kufika huko bila kuzungumzia bangili, kwa kuwa sijaona mfano wa kipimo kibovu unaofundisha zaidi.

Mwaka 2007 kampuni ya California iitwayo Power Balance ilianza kuuza bangili za mpira zenye kijistika cha hologramu, ikidai zinaongeza nguvu, wepesi na msawazo. Wachezaji maarufu walizivaa. Uwanja wa mpira wa kikapu wa Sacramento ukapewa jina la kampuni hiyo. Kilichoziuza hasa ni onyesho la dakika moja. Muuzaji anakuambia usimame kwa mguu mmoja, mikono umeinyoosha pembeni. Anaukandamiza mkono mmoja, unaanguka. Anakuvisha bangili, anaukandamiza tena, husogei. Umati unapiga makofi, wewe unatoa pesa.

Tazama mikono yake. Mara ya kwanza anasukuma chini na nje kidogo, mbali na mwili wako. Mara ya pili anasukuma chini na ndani, kuelekea mguu uliousimamia. Msukumo wa nje unautoa uzito wako nje ya wayo. Wa ndani unaurudisha juu yake. Tofauti ya pembe ni ndogo kiasi kwamba muuzaji mwenyewe anaweza kuifanya bila kujijua, hasa akiwa anaiamini bidhaa yake. Zaidi ya hapo, mara ya pili unajua kinachokuja: umekaza misuli na umeshajifunza zoezi.

Watafiti wa Chuo Kikuu cha Wisconsin–La Crosse waliwapima wanariadha kwa bangili hiyo na kwa bangili bandia, bila wapimaji wala wapimwaji kujua ipi ni ipi. Bangili hazikutofautiana. Lakini katika msawazo, unyumbufu na nguvu, mara ya pili ilikuwa bora kuliko ya kwanza, bila kujali ni bangili ipi iliyovaliwa mara hiyo. Desemba 2010 kampuni ilikiri nchini Australia kwamba haina ushahidi wa kisayansi wa kuaminika, na Novemba 2011 iliomba ulinzi wa mahakama kwa kufilisika. Bangili za sumaku na za shaba bado zinauzwa mitaani kwetu kwa mbinu ileile, na naona uchungu kila nikikutana na mstaafu aliyetoa pesa ya dawa ili avae bangili hizo.

Nimekaa sana kwenye bangili kwa sababu onyesho lile limekusanya makosa yote ya kipimo kisichoaminika. Anayepima ndiye anayeuza. Kani inayotumika haijulikani. Mara moja kabla na mara moja baada zinahesabiwa kuwa ushahidi. Nimekuta kliniki zenye bamba la bei kubwa zikifanya hilo la mwisho: mgonjwa anapimwa sekunde kumi siku ya kwanza, anapimwa sekunde kumi baada ya mazoezi ya mwezi mzima, na tofauti inaitwa maendeleo. Kabla ya kuiita hivyo, jua kwanza mgonjwa huyohuyo anatofautiana kiasi gani na nafsi yake akipimwa Jumatatu na Jumatano bila tiba yoyote. Badiliko lililo chini ya kiasi hicho halina maana.

Kuhusu muda, jibu ni fupi. Sekunde kumi hazitoshi. Kuna kuyumba kwa taratibu sana ambako hakuonekani mpaka dakika karibu iishe, na tafiti zilizolinganisha vipimo vingi zimependekeza sekunde 90, zirudiwe mara tatu hadi tano, kisha upatikane wastani. Mzee dhaifu hawezi kustahimili hayo. Mpe mapumziko, au punguza sekunde na uandike kwamba umepunguza. Tumia kasi ya wastani ya kitovu cha msukumo badala ya umbali wa kuyumba, kwani umbali huamuliwa na nukta mbili tu za ukingoni kabisa, na kikohozi kimoja kinatosha kuuharibu.

Masharti ndiyo yanayopuuzwa zaidi. Chora nyayo za mgonjwa kwenye karatasi ili kesho asimame palepale. Weka alama ukutani usawa wa macho. Asizungumze. Maneno yako yawe yaleyale: ukimwambia mama, "Simama tuli kadiri uwezavyo," utapata namba moja, na ukimwambia, "Simama kama unavyosubiri chenji dukani," utapata nyingine. Na usimshike kwenye kiwiko. John Jeka na James Lackner walionyesha mwaka 1994 kwamba ncha ya kidole ikigusa kitu kwa kani isiyofika nyutoni moja, yaani chini ya uzito wa gramu mia moja, kuyumba hupungua sana. Mguso huo haubebi mwili. Unaupa ubongo habari. Muuguzi mwenye huruma aliyeshika mkono wa gauni ameshabadilisha kipimo.

Usipokuwa na bamba, kipo kipimo cha Moritz Romberg, daktari wa Berlin wa karne ya 19, ambacho hakihitaji umeme. Aliona kwamba wagonjwa ambao ugwe wa mgongo wao umeharibika waliweza kusimama wakitazama, ila wakifumba macho wanayumba na kuanguka. Wengi hukiita kipimo cha ubongo mdogo. Sivyo. Mwenye ubongo mdogo ulioharibika huyumba hata akiwa amefumbua macho. Romberg alikuwa anatafuta tofauti kati ya hali mbili, na kupima hali moja peke yake hakusemi chochote.

Kipimo kikionyesha kasoro, tafuta chanzo chake. Wanaosema mzee anayeangukaanguka amerogwa wanamwibia muda wa matibabu. Kisukari huua neva za nyayo. Dawa za presha zinaweza kumshusha presha ghafla anaponyanyuka kitini. Kuna mtoto wa jicho, kuna upungufu wa vitamini B12. Yote hayo yanachunguzika, na mengi yana tiba.

Ukipewa ripoti ya msawazo, yako au ya mzazi wako, uliza ilikuwa sekunde ngapi, ilirudiwa mara ngapi, macho yalikuwa wazi au yamefumbwa, na miguu ilikaa vipi. Kama hakuna anayeweza kukujibu, omba kipimo kirudiwe.