LINDA MOTA YAKO YA FEZI TATU KABLA HAIJAUNGUA

Mkulima, katika skimu nyingi stima hufika nyumbani kwa waya mbili tu, yaani fezi moja ya volti 240. Lakini mashine nyingi kuukuu za kukatia majani ya ng'ombe na za kusaga posho huuzwa zikiwa na mota ya fezi tatu. Kwa hiyo wakulima wengine hujitengenezea kigeuzi. Huchukua mota nyingine ya fezi tatu, iliyo kubwa kuliko ile ya kazi, huizungusha bure kwa fezi moja na kapasita, nayo huzaa stima katika waya wa tatu. Hapa tutaiita mota mama.

Jambo hilo lawezekana. Lakini kigeuzi kisicholindwa huunguza mota, huchoma kibanda, na huweza kuua mtu. Wengi hudhani kwamba fyuzi moja ukutani yatosha. Haitoshi. Fyuzi hulinda waya. Hailindi mota wala mtu.

Kabla ya yote soma kibao cha mota zako zote mbili. Kikisema volti 230/400 au 240/415, mota hufaa, nayo hufungwa kwa mtindo wa pembetatu. Kikisema 400/690, usiitumie. Stima yako haina nguvu ya kuiendesha.

Sasa weka walinzi wanne.

1. FYUZI. Pawe na swichi kubwa inayokata waya zote mbili, mahali unapoweza kuifikia upesi. Baada yake, mota mama iwe na fyuzi yake, na mota ya kazi iwe na yake, kwa kipimo cha waya zilizotumika. Usiweke msumari wala waya mnene mahali pa fyuzi.

2. OVALODI. Hiki ni kifaa kinachokata stima mota ikivuta kupita kiasi. Kila mota iwe na ovalodi yake, iliyowekwa kwa ampea zilizoandikwa kwenye kibao chake. Sababu ni hii: waya mmoja ukikatika, mota ya fezi tatu haisimami mara moja. Huendelea kuzunguka ikinguruma, waya zake za ndani hupata moto, nayo huungua. Mara nyingi fyuzi haitambui hatari hiyo mapema, lakini ovalodi huitambua.

3. KONTAKTA. Hii ni swichi inayovutwa na sumaku. Stima ikipotea huachia, na ikirudi haishiki tena mpaka ubonyeze kitufe. Bila kontakta, stima ikirudi usiku mashine zote hutaka kuanza pamoja, na mkono wa mtoto waweza kuwa karibu na visu. Weka kontakta moja kwa mota mama na nyingine kwa mota ya kazi. Ya kazi ifungwe hivi kwamba haishiki ila ya mama imekwisha kushika. Na ya mama ikiachia, ya kazi iachie pia. Stima ya kuvuta sumaku hizo ichukuliwe baada ya fyuzi ya mota mama, kutoka waya mbili za stima halisi. Usiichukue kamwe kutoka waya wa tatu, kwa maana nguvu yake hupanda na kushuka kwa kadiri ya mzigo. Kwa sababu hiyo hiyo, usifunge taa wala redio kwenye waya huo.

4. WAYA WA ARDHI. Chuma cha mota zote mbili, sanduku la swichi na fremu ya mashine vifungwe pamoja kwa waya wa ardhi. Ongeza swichi inayokata stima upesi ikivuja, ya miliampea 30. Sakafu ya kibanda cha ng'ombe huwa na maji, na ng'ombe huuawa na stima kwa urahisi kuliko mtu.

JIHADHARI NA KAPASITA. Kapasita huweka stima ndani yake hata baada ya swichi kuzimwa. Kila moja iwe na rezista ya kuimaliza stima hiyo. Kabla ya kugusa, zima, ngoja, kisha pima kwa mita. Kapasita ya kuanzishia itumike kwa sekunde chache tu, kisha ikatwe; ikiachwa, hupata moto na huweza kupasuka. Zote zikae ndani ya sanduku la chuma.

Utaratibu wa kila siku ni huu: anzisha mota mama, ngoja mpaka izunguke kwa mwendo wake kamili, kisha anzisha mashine ikiwa tupu, ndipo utie majani au mahindi. Ukimaliza, zima mashine kwanza, mota mama mwisho. Ukisikia mngurumo usio wa kawaida au harufu ya kuungua, zima swichi kubwa mara moja.

Kazi ya kufunga vifaa hivi ifanywe na fundi mwenye leseni ya EPRA. Waulize pia Kenya Power kama laini yako yaweza kubeba mota hiyo, maana mota ikianza huvuta stima mara kadhaa kuliko kawaida, na taa za jirani hufifia. Na ikiwa mashine yako ni ndogo, kwanza uliza bei ya mota ya fezi moja. Huenda ikawa nafuu kuliko kigeuzi pamoja na walinzi wake wote. Lakini ukichagua kigeuzi, usipunguze mlinzi hata mmoja.