Kuteleza si kuanguka, lakini siyo kwa dereva

Wahenga walisema kuteleza si kuanguka. Ni maneno ya kumtia moyo aliyekosea njia katika maisha, na sina ugomvi nayo. Lakini juma hili, msikilizaji wangu, nawe msomaji wa ukurasa huu, naomba ruhusa ya wahenga niseme kwamba kwa mtu aliyeshika usukani methali hiyo haifanyi kazi. Kwake yeye kuteleza ni nusu ya kuanguka, na nusu ya pili mara nyingi huimalizia mwenyewe kwa mguu wake.

Jambo hili nililiona kwa macho yangu kati ya Kang'ata na Handeni mjini, siku ya mvua ya kwanza ya vuli. Nilikwenda Kang'ata kwa kazi ya redio, na wakati wa kurudi nikapewa lifti katika lori la mahindi. Mvua ilinyesha kama nusu saa tu, ikakatika, jua likatoka. Kwa macho yangu ya mjini barabara ilikuwa njema: nyekundu, inang'aa kidogo, haina dimbwi wala shimo. Nikashangaa kumwona dereva wetu, mzee aliyeanza kazi enzi za malori ya Bedford, akipunguza mwendo hadi gari likawa linatambaa.

"Mzee, mbona njia ni nzuri?" nikamwuliza.

Akanijibu bila kugeuka: "Mwanangu, matope unayoyaona hayana neno. Ogopa yale usiyoyaona."

Hatukwenda mbali. Pikipiki ilitupita imembeba mama mjamzito na dada yake, wanawahi hospitali. Mbele kulikuwa na mteremko mfupi, na chini yake mbuzi wawili wakakatiza. Kijana akabana breki ya mbele. Pikipiki haikusimama. Ilikwenda ubavu ubavu kama iliyomwagiwa sabuni, ikawalaza wote watatu mtaroni. Tulimpandisha mama yule mbele, karibu na dereva. Mimi na dada yake tukapanda juu ya magunia. Lile lori lililokuwa likitambaa ndilo lililomfikisha mjini, na usiku ule akajifungua salama. Kijana wa pikipiki alikuwa akirudia neno moja tu: "Sikwenda mbio, mzee. Sikwenda mbio."

Na alisema kweli. Hakwenda mbio. Basi nini kilimwangusha?

Sehemu ya tairi inayogusa barabara ni ndogo sana. Kwa gari dogo, kila tairi hugusa eneo linalokaribia ukubwa wa kiganja cha mkono. Kwa hiyo gari zima, pamoja na watu na mizigo yao, limeshikwa na viganja vinne. Kusimama, kukata kona na kupanda mlima, vyote vinategemea viganja hivyo. Pikipiki ina viwili tu, tena vidogo zaidi.

Udongo wa mfinyanzi umeundwa na chembe ndogo mno, bapa kama magamba ya samaki. Ukiwa mkavu hushikamana ukawa mgumu kama saruji. Ukipata maji kidogo, chembe zile hutelezeana zenyewe kwa zenyewe. Mvua ya kwanza hulowesha ngozi ya juu tu, huku chini kukiwa bado kukavu na kugumu. Tairi halina cha kung'ata: juu ni mlenda, chini ni sakafu. Hapo ndipo breki ya ghafla hulifanya gurudumu liache kuzunguka, na gurudumu lisilozunguka halitii usukani. Linakwenda linakotaka lenyewe.

Ndugu zetu wanaoishi Kanada, Marekani na Ulaya ya Kaskazini wana adui wa ukoo huo huo. Wakati wa baridi kali maji huganda juu ya lami yakawa barafu nyembamba, angavu kama kioo. Dereva haoni barafu. Anaona weusi wa lami, kwa hiyo watu wa huko huiita barafu nyeusi. Hupenda kutokea kwanza juu ya madaraja, kwa kuwa daraja hupozwa na hewa juu na chini. Kwa hesabu ya kawaida ya fizikia, gari linalokwenda kilomita 80 kwa saa kwenye lami kavu huhitaji kama mita 36 kusimama baada ya breki kushika. Lami ikilowa, umbali huo hufika mita 60 na zaidi. Juu ya barafu ni kama mita 250, yaani viwanja viwili vya mpira na ziada. Na mwendo ukizidi mara mbili, umbali wa kusimama hauzidi mara mbili, huzidi mara nne.

Usiseme basi kwamba wewe ni mtu wa lami, mambo ya Kang'ata hayakuhusu. Lami nayo ina utelezi wake wa siri. Miezi ya kiangazi hujaza barabara matone ya mafuta ya magari, unga wa tairi na vumbi. Manyunyu ya kwanza huvichanganya vyote vikawa utando wa kuteleza, na dakika hizo za mwanzo ni za hatari kuliko mvua kubwa inayofuata, ambayo huosha barabara. Tazama pia njia panda ambako barabara ya udongo inaingia kwenye lami, kama zile za Handeni kuelekea Korogwe au Mkata. Malori hubeba matope kwenye tairi zao na kuyaacha pale. Unatoka kwenye lami safi, unakata kona, na mara umo juu ya sabuni. Anayeshuka kutoka Lushoto na Soni kwenda Mombo naye ajue kwamba kwenye zile kona, ukungu na majani yaliyolowa vyatosha kumsomba.

Sasa tufanye nini? Yule mzee alinipa somo lake tukiwa njiani, na ninalifikisha kwako kama nilivyolielewa. Kazi yote ifanyike mapema, na ifanyike taratibu. Punguza mwendo kabla ya mteremko, usingoje uwe katikati yake. Shuka kwa gia nzito, injini ikushikie gari. Kwenye mlima ingia na gia utakayomaliza nayo, kisha usiongeze mafuta kwa pupa wala usisimame. Aliye mbele yako mwachie nafasi: akipita kwenye mti, hesabu sekunde; kwenye njia kavu 2 zatosha, kwenye maji ziwe 4, kwenye utelezi zaidi ya hapo.

Gari likianza kuserereka, toa mguu kwenye breki na kwenye mafuta. Tazama unakotaka kwenda, siyo mtaro unaouogopa, kisha geuza usukani polepole kuelekea huko. Gari la breki za zamani bonyeza na kuachia kidogo kidogo. Lile la kisasa lenye breki zinazozuia gurudumu kung'ang'ania, kanyaga na ushikilie, lakini usidanganyike kwamba kwenye matope litasimama karibu. Tairi kipara, lililokwisha kashata zake, halina dawa. Hakuna ufundi wa dereva unaoweza kulikopesha meno.

Kwa vijana wa bodaboda: tumieni breki zote mbili kwa upole, na ya mbele kwa upole zaidi. Penye mteremko wa utelezi mwambie abiria ashuke atembee. Hatua hamsini za miguu hazimchelewishi mtu kama mguu uliovunjika.

Nasi abiria tusijitoe. Ni sisi tunaopiga kelele, "Dereva, vipi, tunalala njiani?" Sheria imeweka kilomita 80 kwa saa kwa mabasi na malori makubwa, lakini hicho ni kikomo cha juu, siyo ahadi waliyopewa abiria. Siku nyingine mwendo halali ni 20, na siku nyingine ni kuegesha gari na kunywa chai hadi jua liikaushe njia.

Wenye barabara nao, TANROADS na TARURA, wana sehemu yao. Barabara ya udongo yenye mgongo mzuri katikati, mitaro iliyozibuliwa na changarawe kwenye miteremko, humwaga maji kabla hayajawa mlenda. Greda likipita kabla ya vuli huokoa zaidi ya greda linalopita baada ya ajali.

Lakini greda halimo mikononi mwako leo. Mguu wako umo. Mvua ya kwanza itakapogusa kioo cha gari lako, mkumbuke yule kijana aliyesema hakwenda mbio. Utelezi haukumwuliza mwendo wake. Ulingoja tu ashtuke.

Tukutane juma lijalo, tukijaliwa.